Ngitili haina muhuri

Jumamosi nilishuka kwenye bodaboda nyumbani, Kwimba, nikaitafuta kwa macho ngitili ya ukoo, eneo la malisho na miti linalotunzwa kwa ajili ya kiangazi, nisiione. Pale tulipochungia ndama kiangazi, nyasi za kwingine zikiwa zimekwisha, nimekuta visiki na matanuri mawili ya mkaa yanafuka moshi. Nikamuuliza babu kwa nini wazee hawakuitisha dagashida, baraza letu la mila.

"Mjukuu wangu, wale wana karatasi."

Tangu siku hiyo nina hasira. Ngitili ile ililindwa na wazee kabla kijiji hakijawa na ofisi. Ilifungwa masika, ikafunguliwa kiangazi, na kila mtu alijua zamu yake. Aliyekata mti alitozwa mbuzi au ng'ombe. Aliyegoma kulipa alitengwa: haombi moto kwa jirani, wala akifiwa haoni mtu. Hakuna askari wa misitu mwenye nguvu hiyo. Leo kijana mwenye kibali anapita mbele ya wazee walewale na msumeno, na hawana la kumfanya.

Wanaosema mila imepitwa na wakati waende Shinyanga. Miti ilifyekwa huko tangu enzi za mkoloni kuua mbung'o, ikafuata pamba, kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Watu wakaanza kupaita jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600. Miaka ya 2000 ilipoanza, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mabwana misitu hawakuzipanda hekta hizo. Walikwenda kwa wazee, wakawauliza mlikuwa mnafanyaje, kisha serikali za vijiji zikatunga sheria ndogo juu ya kile ambacho dagashida ilikuwa inakifanya tayari. Ardhi ikapumzishwa, visiki vikachipua vyenyewe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wazee nao wana makosa. Mama yangu hajawahi kukaa kwenye dagashida, ingawa kuni anatafuta yeye. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wamewahi kupiga watu. Haya yarekebishwe, na mkutano mkuu wa kijiji, ambako mwanamke ana kura, ndio mahali pa kuyarekebisha.

Mkaa ule unaletwa huku Mwanza, tunaupikia sisi. Hilo nalo linaniuma.

Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kutoza faini. Mlango uko wazi zaidi ya miaka 20. Kwetu hakuna mtendaji aliyewahi kuwaketisha wazee akawaambia: tajeni mipaka, tuiandike, halmashauri ya wilaya ipitishe sheria ndogo, kisha adhabu mtoze ninyi. Wazee wanaitwa siku mgeni akija, wanavaa kanzu, wanapigwa picha. Inaumiza kumwona mtu aliyelinda msitu maisha yake yote akiambiwa hana mamlaka nao kwa sababu hajui kusoma.

Mkutano mkuu unaofuata nimeomba ruhusa kazini. Nitakwenda na babu na mama, na daftari. Mpaka wa kaskazini unaanzia kwenye mbuyu, unapita kichuguu kikubwa, unateremka hadi mbugani. Wa kusini anaukumbuka babu peke yake.