Kuchora Maua ya Pwani kwa Vekta: Mmea Kwanza, Wavu wa Rangi Baadaye

Ukizunguka katika maduka ya uchapaji ya hapa Mombasa utayakuta majani yale yale kwenye kadi za harusi, menyu za hoteli na mabango ya sherehe: jani pana la monstera lenye matundu na mipasuko, mmea ambao asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati. Mteja huja akasema, "Kijana, nitilie majani ya pwani," naye mchoraji humpa hayo kwa kuwa ndiyo yanayopatikana tayari, bure, kwenye intaneti. Sina ugomvi na monstera, ambayo kwa kweli imekwisha kuwa mwenyeji katika vyungu vya barazani kwetu. Ninachokipinga ni imani iliyoenea miongoni mwa wachoraji chipukizi kwamba anayetaka ua lenye uhalisia hana budi ama kulipakua, ama kuwa bingwa wa zana ngumu kuliko zote katika programu za kuchora kwa vekta, yaani kwa mistari na maumbo yanayoweza kukuzwa bila kupoteza ukali. Kwa maoni yangu uhalisia hutokana na kuuelewa mmea wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla kompyuta haijawashwa.

Zana ninayoikusudia ni wavu wa rangi, ambao programu ya Illustrator inao tangu 1998 na ile ya Inkscape iliupata katika toleo la 0.92 mwaka 2017. Mchoraji hulitandazia umbo wavu, kila nukta ya makutano akaipa rangi yake, na programu ikaziyeyusha rangi hizo zikaingiana. Mtaalamu akiutumia vizuri, petali hutoka laini hata ukadhani ni picha ya kamera. Lakini anayeanza hujikuta na nukta mamia kwa mamia ambazo hawezi kuzisimamia, na siku mteja anapotaka ua jeupe liwe la waridi, huenda akalazimika kuanza upya. Isitoshe, vivinjari vya intaneti haviuchori wavu huo katika faili za SVG, ambazo ndizo faili za vekta za mtandaoni, hivyo kazi ikienda mtandaoni hulazimika kugeuzwa picha ya pikseli, yaani ya vijinukta vya rangi, na faida yote ya vekta ikapotea njiani.

Tazama ua la franjipani, hili jeupe lenye moyo wa manjano linalopandwa kwenye nyua na mbele ya hoteli. Lina petali tano, na wachoraji wengi huchora moja, wakainakili, wakaizungusha kwa nyuzi 72 mpaka duara likamilike. Hapo ndipo ua linapoharibika. Katika mmea halisi kila petali hulalia jirani yake upande mmoja na kulaliwa upande wa pili, mzunguko mzima, bila petali yoyote kuwa juu ya zote. Programu kwa kawaida haipangi maumbo namna hiyo; umbo la mwisho kuchorwa hukaa juu, na ile petali ya tano hujitokeza kama iliyobandikwa. Dawa yake ni rahisi: ikate petali hiyo mahali inapokutana na ya kwanza, kipande cha ukingo wake ukipeleke chini, kisha weka kivuli chembamba kwenye kila ukingo unaolalia mwenzake, upande ule ule katika petali zote tano. Ukishafanya hivyo, mpito wa kawaida wa rangi kutoka manjano hadi nyeupe unatosha, na ua linasimama. Anayetazama huenda asijue kwa nini limemridhisha, ila lile la kwanza angelitilia shaka mara moja.

Majani nayo yana mambo yake, na hapa mwanga wa pwani ndio mwalimu. Chukua jani la haibiskasi saa nane mchana. Pale linapong'aa, mng'ao wake hauna ukijani hata kidogo, kwani ni taswira ya anga iliyoangukia juu ya nta ya jani, kwa hiyo ni mweupe wenye ubuluu. Liinue jani hilo jua likiwa nyuma yake, ubuluu utatoweka na ubapa wote utawaka kijani chenye umanjano, mishipa ikionekana kama mistari iliyokolea. Ni jani lile lile lenye rangi mbili ambazo hazikaribiani. Mchoraji anayechagua kijani kimoja, akakififisha kupata mwanga na kukitia weusi kupata kivuli, atapata jani la plastiki, hata akiutumia wavu wenye nukta elfu. Mimi hutumia maumbo matatu au manne tu ya rangi bapa, yanayopenyeza kidogo rangi iliyo chini yake, yakiwa katika tabaka tofauti, na mishipa huichora mwisho, minene kwenye uti wa jani na ikizidi kukonda kuelekea ukingoni.

Kuhusu kalamu yenyewe, zana ya programu ya kuchorea mistari, sina mengi. Mkunjo tunaoutumia umepewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault nchini Ufaransa, aliyeutumia kusanifu mabodi ya magari miaka ya 1960, na tabia yake haijabadilika: hupendeza nukta zikiwa chache. Jani la mkungu linataka nukta nne au tano, si arobaini. Ndiyo maana pia siipendi amri ya kugeuza picha kuwa vekta kwa mbofyo mmoja, kwani huleta mrundo wa vipande visivyojua kipi ni petali na kipi ni kivuli, na kukirekebisha kimoja ni kuvuruga kumi.

Ua ambalo ningependa kuliona zaidi katika kazi zetu ni asumini. Linauzwa Mji wa Kale, linatiwa kwenye vikuba, linavaliwa harusini, na bado kadi za harusi hizo hizo hupambwa kwa mawaridi ya kupakua. Ugumu wake ni weupe. Kivuli cha ua jeupe kikichorwa kwa kijivu hufanya ua lionekane chafu. Asumini huwa na ukijani hafifu karibu na kikonyo, na likianza kuchakaa huingiwa na uzambarau kidogo, kwa hiyo vivuli vyake vichukue rangi hizo. Chini ya petali kuna sepali, vile vijani vinavyolishika ua, nyembamba kama nyuzi, ambazo karibu kila mchoro huzisahau. Bogenvilia ni rahisi zaidi, mradi ukumbuke kwamba zile sehemu za rangi kali ni majani yaliyogeuka, na maua yenyewe ni vile vijineli vidogo vyeupe vilivyo katikati.

Jambo la mwisho linahusu uchapaji, ambako kazi nzuri nyingi huharibikia. Kile kijani kinachowaka cha jani lililopitiwa na jua hupoa kikichapwa kwa wino nne za kawaida (samawati, majenta, manjano na nyeusi), na hakuna zana ya kukirudisha. Afadhali kuchagua rangi za wino tangu mwanzo, kisha kuyafanya maeneo yanayoizunguka sehemu hiyo kuwa meusi zaidi, ili jani liendelee kuonekana lina jua, na kumwomba mchapaji nakala moja ya majaribio kabla ya kuidhinisha kadi zote.