Nogawa, mto wa kutembea kuelekea chanzo

Mgeni akifika Tokyo huelekezwa Asakusa, Shibuya, na kwenye minara. Mimi nikiulizwa, namwambia atafute nusu siku aende Nogawa.

Ni mto mdogo wa vitongoji vya magharibi, kama kilomita 20 tu, kutoka Kokubunji hadi unapoingia mto Tama kule Futako-Tamagawa. Mahali pengi maji hayafiki magotini. Nashikilia kwamba mto huu uutembee kwa kuupanda, maana utamu wake uko chanzoni.

Oktoba iliyopita nilianzia Osawa, Mitaka, penye gurudumu la maji la mwanzoni mwa karne ya 19. Kingo za hapo ni majani matupu. Ukitaka maji, unashuka. Watoto walikuwa mtoni na nyavu zao za mpini wakisaka kamba. Mzee mmoja alisimama kimya na kamera akimngoja mdiria. Nikasimama naye. Baada ya dakika kama ishirini ndege akapita akikaribia kugusa maji, mgongo wa buluu ukimetameta, na mzee akanionyesha picha yake kana kwamba tumejuana miaka.

Mbele kidogo kuna bustani ya Nogawa, iliyokuwa uwanja wa gofu hadi ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1980. Uamuzi mzuri sana ule.

Ukiingia Koganei, kulia kwako ardhi inainuka ghafla, genge refu lenye miti. Wenyeji wanaliita hake. Lilichongwa na mto Tama zama za kale. Mvua ya uwanda wa juu hupenya udongo wa majivu ya volkano, ikafika kwenye kokoto, kisha ikachomoza chini ya genge, safi na baridi. Nogawa hunywa hapo. Sasa uwanda ukifunikwa lami na zege, mvua itapenya wapi? Majira ya baridi yasiyo na mvua ya kutosha, sehemu za juu za mto hukauka yakabaki mawe. Niliyaona Februari moja, na yaliniuma. Ndiyo maana nawapongeza watu wa Koganei, ambako wenye nyumba wanahimizwa kuelekeza maji ya paa kwenye vishimo vya kuyarudisha ardhini. Kishimo uani ni kitu kidogo, lakini maji yake ndiyo anayovulia mdiria.

Nilimalizia Kokubunji, kwenye kinjia cha Otaka-no-michi, ambapo kijito chembamba kinapita kando ya kuta za nyumba. Chemchemi za hapo, pamoja na bwawa la Masugata, ziliorodheshwa mwaka 1985 miongoni mwa maji 100 bora ya Japani. Njiani kuna kibanda cha mboga kisicho na muuzaji: unachukua, unatumbukiza sarafu kwenye kisanduku. Nikachukua biringanya, nikachutama, nikachovya vidole kijitoni. Jua lilikuwa bado kali, na maji yalikuwa baridi kama ya mtungini.