Tope la Mto Mara: Riziki au Madhara?

Anayesimama ukingoni mwa Mto Mara wakati wa masika huona maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mara nyingi huamua papo hapo kwamba mto umechafuka. Uamuzi huo una msingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya misitu ya Mau, ambako vijito vya Nyangores na Amala vinaanzia, imefyekwa kwa ajili ya mashamba, na mvua kubwa huteremsha udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi. Wapo pia wanaoshikilia kwamba mto wa mbugani haukuumbwa uwe mweupe, na kwamba chembe zinazoelea ndani yake ni riziki ya viumbe wengi. Kila upande una hoja, ila naona pande zote mbili hukosea zinapoyapima maji kwa rangi.

Kasi ya chembe kuzama hutegemea mraba wa kipenyo chake: chembe iliyo ndogo mara 10 huzama polepole mara 100. Kwa hesabu hiyo peke yake, udongo mfinyanzi, ambao chembe zake hazizidi milimita 0.002, ungepita moja kwa moja hadi Ziwa Viktoria. Lakini mto si mfereji wa saruji. Maji hupenya kwenye changarawe za chini na kuziacha chembe humo. Nyingine hugandamana kwa ute wa bakteria zikawa nzito. Nyingine hunaswa na wadudu. Mabuu ya usubi, mdudu ambaye hakuna anayempenda kwa kuwa katika baadhi ya mito hueneza upofu, hujishikiza maweni na kuchuja maji kwa viungo mithili ya pepeo vilivyo vichwani mwao, kisha hutoa kinyesi chenye punje kubwa zaidi ambazo huzama upesi na kuliwa na wengine.

Wanaolilaumu tope wana ushahidi wa kutosha kuhusu udongo wa mashambani. Huzuia mwanga usiwafikie mwani walioota juu ya mawe, huziba nafasi za changarawe ambamo wadudu na mayai ya samaki hupata oksijeni, na hubeba fosforasi, kirutubisho ambacho Ziwa Viktoria tayari linacho kupita kiasi.

Ugumu unaanza kwa viboko. Katika sehemu ya mto iliyoko Kenya wapo zaidi ya 4,000, ambao hula nyasi nchi kavu usiku na kushinda majini mchana, wakiingiza mtoni takriban tani 8.5 za majani yaliyosagika nusu kila siku. Ndani ya mabaki hayo mna silika, madini magumu yaliyomo kwenye nyasi, ambayo mwani aina ya diatomu huihitaji ili kujenga maganda yao. Hapa watetezi wa tope wana hoja nzito, kwani viboko huhamisha rutuba ya mbuga na kuitia mtoni, na mto huisambaza. Hata hivyo, mabaki hayohayo yakirundikana katika madimbwi wakati wa kiangazi, bakteria huyaozesha na kuimaliza oksijeni. Mvua ikinyesha ghafla, maji hayo husukumwa kuufuata mkondo pamoja na mashapo. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walihesabu mafuriko 49 katika miaka mitatu yaliyopunguza oksijeni mtoni, 13 kati yake yakiishusha hadi kiwango cha hatari, na katika miaka mitano walishuhudia samaki wakifa kwa wingi mara 9.

Kwa hiyo chembe ileile ni chakula maji yanapotiririka, na ni sumu yanapotuama. Hilo ndilo linalonifanya nihofie zaidi kupungua kwa maji ya kiangazi kuliko wekundu wa maji ya masika, ingawa simtetei anayelima hadi ukingoni. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 inataka kiasi fulani cha maji kiachwe mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na ya mazingira. Kwa Mara, kiasi hicho hakina budi kukadiriwa kwa kuzingatia pia mkondo unaotosha kuyasafisha madimbwi ya viboko kidogo kidogo, kabla uchafu wa miezi mingi haujaondoka kwa usiku mmoja.