Asilimia 90 ya Chanjo, Lakini ya Watoto Gani?

Lengo la dunia hadi mwaka 2030 ni watoto 90 katika kila 100 wapate dozi ya tatu ya pentavalenti, sindano inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na maambukizi ya bakteria aina ya Hib. Kenya huitoa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wanaolitetea lengo hili wana hoja nzito: pasipo kiwango cha kufikia, hakuna wa kuulizwa chanjo zikikosekana vituoni. Tena surua, yenye chanjo yake tofauti, haisubiri mtu. Ili isisambae, karibu watu 95 katika kila 100 wawe na kinga.

Asilimia hupatikana kwa kugawanya namba mbili, na shida iko chini ya mstari wa kugawanya. Namba ya juu ni alama anazoweka muuguzi kwa kila dozi, zikajumlishwa mwisho wa mwezi katika fomu ya Wizara ya Afya, MOH 710. Namba ya chini ni makadirio ya watoto wa eneo, yanayotokana na sensa ya 2019. Nairobi nayo ni mji wa kuhamahama. Mama hujifungulia hospitali ya Pumwani na kuishi Ruiru, nje kabisa ya kaunti. Mwingine analea Mukuru kwa miezi mitatu, kodi inapanda, anahamia Kayole au anampeleka mtoto kwa nyanya yake ushago. Mtoto huyo ni wa kituo kipi? Ndiyo maana kituo kimoja kinaweza kuvuka asilimia 100 na jirani yake kubaki nyuma sana, ilhali wauguzi wa pande zote mbili wanafanya kazi ileile.

Tuseme kituo kinatarajiwa kuchanja watoto 1,000 kwa mwaka. Dozi ya kwanza wanapata 1,120, ya tatu 890. Ripoti itasoma asilimia 89, na wakubwa wataridhika. Lakini watoto 230 kati ya 1,120 wamepotea njiani, zaidi ya asilimia 20, wakati kinachovumilika ni 10. Hesabu hii ya pili haihitaji makadirio ya sensa hata kidogo, nami naiamini kuliko ile ya kwanza.

Pesa zikifungwa kwenye namba, namba hupinda. Miaka ya 2000, Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi maskini kupata chanjo, ilizilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyeripotiwa kupata dozi ya tatu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2008 ulilinganisha ripoti hizo na tafiti za kaya, ukakuta nchi nyingi zimetia chumvi.

Kuna pia shinikizo la kutopoteza dawa. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10, na kikishachanganywa, kinachobaki hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi anayehojiwa kuhusu upotevu husubiri watoto watimie. Mama aliyekuja Jumanne anaambiwa arudi Alhamisi, na Alhamisi yuko kwenye kibarua. Kwa maoni yangu, kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi tisa zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto asiyerudi.

Tafiti za kaya husahihisha mengi kwa sababu hukagua kijitabu cha mama na mtoto nyumbani. Utafiti wa Kenya wa 2022 ulikuta asilimia 80 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 wamepata chanjo zote za msingi. Ila hufanyika mara moja kwa miaka mingi, kijitabu kikipotea hutegemea kumbukumbu ya mama, na takwimu ya kaunti haiwezi kutenganisha mtaa wa mabanda wa Korogocho na mtaa wa wenye nacho wa Kileleshwa.

Basi 90 ibaki kwa taifa, lakini kituo kipimwe kwa majina. Kila mwezi muuguzi atoe kwenye rejista watoto waliopitisha tarehe ya chanjo kwa wiki mbili, ampe mhudumu wa afya ya jamii, naye arudi na jibu kwa kila mmoja: amechanjwa kwingine, amehama, au bado. Kazi hii hula muda na salio la simu, na namba nyingi hazipatikani tena, kwa hiyo itengewe fedha.

Orodha hiyo bado haimfikii mtoto ambaye hajawahi kuletwa kliniki. Huyo hupatikana kwa kubisha hodi mlango kwa mlango, kuomba kijitabu na kutazama kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wa kushoto, huku tukijua kuwa wapo waliochanjwa wasibaki na kovu.