Adabu Wanayo, Tuwafundishe Kiswahili Chake

Watanzania na Wakenya wengi husema Waganda wakiongea Kiswahili hawana adabu. Lawama hiyo inaniuma, maana nafundisha Kiswahili hapa Kampala na ninajua watu hawa wanavyoithamini salamu.

Mama wa Kibaganda akikuletea chai hupiga magoti, akakupa kikombe kwa mikono miwili, akakuuliza umeshindaje na nyumbani hawajambo. Kisha, kwa Kiswahili: "Wewe, kunywa chai." Mgeni wa Dar es Salaam anasikia amri, na yale magoti hayahesabu. Kwa Kiluganda heshima ya mama huyu imo kwenye magoti, sauti ya chini, na ssebo (bwana) au nnyabo (bibi) anayokuitia. Hata ombi hulilainisha kwa kineno kidogo tu, "ko": mpa ko amazzi, yaani nipe maji. Akiingia kwenye Kiswahili, nusu ya vifaa vyake anaviacha mlangoni, na hakuna aliyemwambia kwamba huku watu husema "naomba".

Watooro na Wanyoro wa magharibi mwa Uganda nao wana empaako, majina ya heshima ya kuitana na kusalimiana: Amooti, Akiiki, Abwooli. Kumsalimu mkubwa kwa jina lake tupu ni kumvunjia heshima. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka mila hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mtu aliyelelewa hivyo ukimweleza "shikamoo" hupewa nani, anaidaka papo hapo.

Halafu kuna historia. Kwa miaka mingi Kiswahili hapa kilikuwa cha askari, kambini na kwenye vizuizi vya barabarani. Wazee wetu walikisikia kikisema "Kaa chini!" na "Toa kitambulisho!" Upole wa Kiswahili wangeuokota wapi?

Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Naunga mkono kwa moyo wote, ila naogopa tutakimbilia ngeli. Wiki za mwanzo ziwe za kusalimu, kuomba, kushukuru, kupiga hodi na kuagana. Mwalimu aanze kwa kuuliza: kwenu mnamwombaje bibi maji? Mtoto wa Kiacholi aseme, wa Kitooro aseme, ndipo waonyeshwe Waswahili wanavyofanya.

Nanyi majirani, Mganda akiwaambia "nipe sukari" pale sokoni Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mpeni, kisha mwonyesheni "naomba" bila kumcheka.