Folda ya plagini: faili kaliweka nani?

Aliyewahi kuandika boti ya Discord kwa JavaScript anaijua mistari hii: `readdirSync` inasoma folda ya amri, `filter` inabakiza mafaili yanayoishia na `.js`, kisha kila faili linapitishwa kwenye `require`, inayolipakia na kuliendesha. Basi. Ukitaka amri mpya unatupia faili ndani ya folda, unawasha upya, kazi imekwisha. Zana ya Sequelize nayo hukuzalishia `models/index.js` inayofanya hivyohivyo kwa modeli za hifadhidata, na Fastify, mfumo wa kuandikia seva za wavuti, ina plagini rasmi (kipande cha msimbo kinachoongezwa kwenye programu) ya shughuli hiyo.

Utamu wake hauna ubishi. Watu wanne mnaandika plagini nne kwa wakati mmoja, hakuna anayemkanyaga mwenzake kwenye faili la orodha ya plagini mnapounganisha matawi ya Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo. Mgeni kwenye timu haulizi asajili wapi kazi yake.

Nami nilikuwa muumini, hadi wateja wa mfumo mdogo wa risiti tuliokuwa tukiutunza walipoanza kupokea SMS mbilimbili. Tulimshuku anayetusafirishia ujumbe. Tukakagua foleni, tukasoma logi siku mbili. Kumbe mwenzetu mmoja, kabla ya kufanya jaribio, alinakili faili kwenye Mac yake, na nakala ikasahaulika, ikapandishwa pamoja na mengine: `risiti copy.js`. Inaishia na `.js`, kwa hiyo kichujio kikaifungulia mlango. Zikawa plagini mbili zinazosikiliza tukio moja la malipo, na kila moja ikatuma SMS yake kwa uaminifu kabisa. Logi haikuwa na kosa hata moja, kwa sababu programu ilifanya tulichoiagiza: chochote kilichomo humu, endesha.

Hapo ndipo shida ilipo. Kwenye mtindo huu, faili likishakuwepo tu limekwishapata ruhusa. Na ruhusa yenyewe si ndogo: moduli ikiingia ndani ya Node, kiendeshi cha JavaScript kwenye seva, kwa njia hii inasoma vigeu vya mazingira, nywila ya hifadhidata ikiwemo, sawa na msimbo ulioandika mwenyewe.

Halafu kuna mpangilio. Plagini ya utambulisho inatakiwa itangulie ya malipo, lakini mfumo wa mafaili haukuahidi kukupa majina kwa utaratibu unaoutaka wewe. Watu hutibu kwa kuyaita mafaili `01-utambulisho.js`, `02-malipo.js`. Hiyo ni orodha, jamani. Tumeiandika kwenye majina ya mafaili tu.

Mambo yaliongezeka uzito zilipoingia moduli za ES, utaratibu mpya wa JavaScript wa kuingiza mafaili. `import()`, inayoshika nafasi ya `require`, inarudisha ahadi ya kusubiriwa, na kwenye Windows ukiipa njia kamili inayoanza na `C:` inakataa mpaka uigeuze kuwa URL kwa `pathToFileURL`. Zana za kufungasha, zinazounganisha mafaili ya msimbo, kama esbuild nazo hufuata kile kinachosomeka kwenye msimbo. Njia inayoungwaungwa programu ikiwa tayari inakimbia haziioni. Kwenye laputopu kila kitu kinaitika, ukifika kwenye seva folda yenyewe haipo. Vite, zana ya kujenga programu za wavuti, imeweka njia ya kati: `import.meta.glob` inasoma folda wakati wa kujenga, na ruwaza ya majina lazima uiandike wazi, si kwa kigeu.

Zana kubwa zenyewe zimekuwa zikirudi nyuma. Prettier, inayopanga mwonekano wa msimbo, zamani ilijitafutia plagini ndani ya `node_modules`. Toleo la 3, mwaka 2023, likauondoa utafutaji huo. ESLint, inayokagua makosa ya msimbo, katika toleo la 9, mwaka 2024, ikafanya usanidi mpya kuwa wa kawaida: plagini unaiingiza kwa `import` yako mwenyewe.

Je, folda izikwe? Hapana. Tazama Obsidian, programu ya kuandikia madokezo. Anayeongeza plagini pale ni mwenye madokezo yake, hana msimbo wa programu, na waliotengeneza programu hawawezi kujua mapema atataka nini. Orodha ya kuandikwa na mtengenezaji haiwezekani. Kwa hiyo ipo `.obsidian/plugins`, na ndani yake kila plagini ina folda yake yenye `main.js` na `manifest.json` inayotaja jina, toleo na toleo la chini la programu ambalo plagini inalihitaji. Ila plagini haianzi kufanya kazi kwa kuwemo humo tu. Mtumiaji lazima aiwashe, na zilizowashwa huandikwa kwenye faili lingine, `community-plugins.json`. Folda inasema kilichopo, orodha inasema kinachoendeshwa.

Kwa hiyo mimi huanza na swali moja: faili kaliweka nani? Ikiwa ni mtu yuleyule anayeshika msimbo, mstari mmoja wa `import` haumgharimu hata dakika, na akiusahau plagini yake haifanyi kazi, anagundua palepale mezani kwake. Ikiwa ni mtu wa nje, folda haikwepeki, lakini iwe na maelezo ya plagini na swichi ya kuiwasha.

Sisi tuliandika orodha. Sasa ina mistari 14, na migongano ya Git inatokea kweli, hasa Ijumaa watu wanapoharakia kufunga kazi. Yule mwenzetu wa Mac ndiye anayelalamika zaidi. Nakala zake bado anaziacha humo. Siku hizi zinalala tu.