Hili Si Bando, Jamani

Ingia nyumba yoyote hapa Dodoma, mtaa wa Kisasa au Nkuhungu, muvi ikiganda tu, sebule nzima inaitikia: "Bando limeisha!" Muvi iko kwenye diski, diski imechomekwa kwenye kompyuta chumba cha pili inayoirusha hadi kwenye TV kwa mtandao wa humu humu ndani, intaneti haihusiki hata kidogo. Ukieleza hivyo unaonekana umetumwa na kampuni ya simu. Baba mkwe yeye anaamuru watoto wazime data kwenye simu zao ili muvi "ipate nafasi". Sasa nani abishane na baba mkwe?

Hesabu yenyewe haina fumbo. Muvi ya saa 2, picha ya 1080p, mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde, ni kama GB 9. Ivute mtandaoni kila wikiendi uone. Iweke nyumbani kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye Jellyfin, programu ya bure ya kurushia muvi kwenye TV, itazamwe mpaka watu wachoke. Muuzaji atalipigia debe boksi la diski nne. Mpishe apite. Kompyuta iliyopasuka kioo inatosha, ila prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha 7 kwenda juu, maana hiyo inafungua H.265 ya biti 10, namna ya kubana video, kwa chipu yake ya picha, mradi uwashe kipengele hicho kwenye mipangilio ya Jellyfin. Usipokiwasha, au prosesa ikiwa ya kale, TV ikilikataa faili kompyuta inabadili muvi nzima kwa nguvu za prosesa tupu huku inaichezesha. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga, picha inakwenda hatua mbili inasimama. Na sebuleni? Bando!

Halafu kuna yule anayetaka maandishi chini ya picha. Yakiwa ya SRT, yaani maneno matupu, hakuna neno. Yakiwa ya PGS, ambayo ni picha, mara nyingi kompyuta inalazimika kuyachoma juu ya kila fremu, na muvi iliyokuwa inateleza inaanza kuchechemea. Zima maandishi kwanza kabla hujamtukana mtu.

Diski nayo ina visa vyake. Umenunua TB 1, Windows inaonyesha GB 931, tayari mwenye duka kaitwa mwizi. Hajaiba: kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Faili likigoma kuingia wakati nafasi ipo tele, diski imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haupokei faili la kufikia GB 4. Hamisha vilivyomo, fomati upya kwa mpangilio wa NTFS. Na chukua ile ndogo ya inchi 2.5. Inakula umeme wa USB, kwa hiyo LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya muvi, betri ya kompyuta inaibeba, kama betri bado ina uhai. Ile kubwa ya inchi 3.5 ina adapta yake ukutani. Umeme ukikatika inazimika palepale, hata kama ilikuwa inaandika.

LUKU ikirudi ndipo kero yenyewe inapoanza. Ruta inaamka, inagawa anwani upya, kompyuta iliyokuwa 192.168.1.50 sasa ni 192.168.1.53, na TV inadai seva, yaani kompyuta hiyo, haipo. Ingia kwenye ruta, funga ile 192.168.1.50 iwe ya kompyuta hiyo daima, kisha TV ielekezwe 192.168.1.50:8096, hiyo 8096 ikiwa ni mlango wa Jellyfin. Pia hakikisha TV haijaingia kwenye waifai ya wageni. Huko ruta nyingi haziruhusu vifaa kuonana.

Waifai yenyewe, kwa nyumba zetu za tofali na nondo, haina miujiza. GHz 5 ina kasi lakini kuta mbili zinaichosha, GHz 2.4 inapenya, ila imejaa waifai za mtaa mzima. Vuta waya wa mtandao wa Cat5e wa shaba tupu. Pini zake: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ule wa bluu ukikosa kugusa vizuri, kasi inashuka kutoka megabiti 1000 hadi 100, kimyakimya, kwa sababu 100 inahitaji nyaya nne tu.

Na sasa vumbi la Dodoma. Kiangazi upepo ukishika kasi, mama mwenye nyumba anafunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, kile cha maua, ili "isichafuke". Kitambaa kinaziba matundu ya feni, diski inachemka. Ukikiondoa asubuhi, jioni kimerudi, na juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki. Suluhu ni kuipandisha juu ya kabati na kupuliza matundu kila mwezi.

La mwisho, video ya harusi. Usiichanganye na muvi: Jellyfin itaitafutia jalada mtandaoni, na shangazi atajikuta kwenye bango la filamu ya mazimwi ya Wakorea. Ifungulie maktaba yake ya video za nyumbani. Muvi ikipotea utaipata tena, harusi hurudii, kwa hiyo nakala yake iwe kwenye diski nyingine kabisa, nyumba nyingine. Diski mbili zinazoakisiana hazisaidii. Ukifuta huku, na kule kumefutika. Mpelekee ndugu wa Kondoa, na umwambie waziwazi asimwazime mtu akajazia miziki.